Maumivu ya Mgongo na Shingo: Kamati ya Usharika Ifanye Nini?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za huduma za sharika, Mwanjelwa, Mbeya. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Nimeombwa kuzungumza juu ya maumivu ya mgongo na shingo. Mimi si daktari, na mambo ya kitaalamu nitakayoyasema yanapatikana katika miongozo ya tiba. Sababu ya mada hii kupewa mtu wa miradi ni kwamba maombi mengi yanayotufikia kutoka sharikani yanagusa jambo hili: nauli ya mgonjwa kwenda Dar es Salaam, fedha za kipimo, kiti cha magurudumu, na mara nyingine ombi la mashine ya eksirei. Kabla ya kugawa fedha ni lazima tuelewe ugonjwa wenyewe. Wagonjwa wengi wa mgongo hawahitaji mashine wala kisu. Wanahitaji mzigo upungue na mwili uendelee kufanya kazi. Lakini wapo wachache wenye ugonjwa unaoweza kuwapoozesha, na hao ndio wanaocheleweshwa, wakati fedha na huruma zetu zinakwenda kwingine.

Mzigo wa Mwanjelwa

Tuanzie hapa tulipo. Mtu akisimama asubuhi kando ya soko ataona magari yakishusha viazi vya Uporoto na Umalila, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na Usangu. Mashine ya kushushia haipo, iliyopo ni migongo ya vijana. Gunia linawekwa mabegani, shingo inasukumwa mbele, na kijana anatembea nalo kutoka garini hadi ghalani. Wengi wa vijana hao ni watoto wa sharika zetu waliokuja mjini kutafuta maisha.

Na gunia lenyewe ni lumbesa. Kwa faida ya wageni wetu, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba kwa kushonea wavu au kipande cha gunia jingine, ili mnunuzi apate mazao zaidi kwa bei ya gunia moja. Mkulima analipwa kwa gunia, ushuru unatozwa kwa gunia, na mbebaji naye analipwa kwa gunia. Mfanyabiashara anafaidika gunia likiwa kubwa, mkulima na halmashauri wanapunjwa, na mbebaji anaumia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepiga kelele miaka mingi, lakini lumbesa bado tunaiona.

Hata hizo kilo 100 ziliwekwa kwa ajili ya haki ya biashara, si kwa ajili ya mgongo. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilizitaka nchi zishushe mzigo unaobebwa na mwanamume mzima mmoja ufike kilo 55, na wanawake na vijana wabebe pungufu zaidi. Kwa hiyo gunia lililo halali kabisa mbele ya sheria bado linakaribia mara mbili ya kiasi hicho.

Akina mama tusiwasahau. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na mara nyingi mtoto yupo mgongoni. Watafiti walioandika mwaka 2010 juu ya wabeba maji wa jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, walikuta maumivu ya shingo na mgongo ni malalamiko ya kawaida kati yao. Sijui mama wa Rungwe mwenye mkungu wa ndizi kichwani kwenye mteremko wa matope atatofautiana nao kwa lipi. Ongeza jembe la mpini mfupi, cherehani lisilo na kiti cha kuegemea, na pikipiki katika barabara za vumbi.

Uti ni kitu gani

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo wenye ukingo mgumu na ute katikati. Nyuma ya pingili kuna tundu linalopitisha mshipa mkuu wa fahamu kutoka kwenye ubongo, na kutoka hapo matawi yake yanakwenda mikononi na miguuni. Misuli ndiyo inayoshikilia mlingoti huu usimame.

Maneno nayo yanatuchanganya. Homa ya uti wa mgongo ni ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na mshipa huo mkuu, nayo ni ya dharura, lakini watu huifupisha na kusema tu "uti wa mgongo". Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa ana tatizo la uti wa mgongo, ndugu wanaanza kulia. Halafu kuna UTI ya vipimo vya mkojo, ambayo siku hizi karibu kila mwenye kuumwa kiuno anaambiwa anayo. Maambukizi ya figo huweza kuleta maumivu ya ubavuni na homa, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kumeza dozi tatu za UTI na kiuno bado kinauma, aulizwe kazi anayofanya, na mgongo wake uguswe.

Maumivu ya kawaida

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani mtu mmoja kati ya 13. Hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi. Kwa wagonjwa tisa kati ya kumi hakuna kitu kimoja ambacho daktari anaweza kukionyesha kwa kidole na kusema ndicho chanzo. Misuli imechoka, viungo vimevutwa, diski imeanza kukauka kama inavyokauka kwa kila mtu. Maumivu haya ni ya kweli kabisa, lakini hayamaanishi kwamba mgongo umevunjika, na kwa wengi hupungua katika wiki chache.

Ushauri wa zamani ulikuwa kulala kitandani mpaka yaishe. Ushauri huo umeachwa. Kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli na kumrudisha mtu kazini akiwa dhaifu kuliko alivyotoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu unaweka mbele elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono na za kisaikolojia, nao unashauri mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo zisitumike kama kawaida. Kwa lugha ya nyumbani: tembea kila siku, fanya kazi nyepesi, kanda kwa maji ya moto ukipenda, pumzika kidogo kisha inuka. Mbebaji apewe wiki mbili tatu za kupanga nyanya au kuuza, badala ya kubeba. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu asipobeba halipwi, na nitalirudia jambo hili.

Wengi wanaamini kwamba bila picha hawajatibiwa. Mwaka 2015 ulitolewa uchambuzi uliojumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana diski zao zimechakaa, na kwa wenye miaka 50 walifika asilimia 80. Watu hao walikuwa wazima. Kwa hiyo kijana anayeambiwa baada ya picha kwamba mgongo wake "umelika" anaweza kuwa ameonyeshwa umri wake tu, na ataishi na hofu hiyo miaka yote. Picha ina kazi yake pale daktari anapotafuta jambo fulani.

Diski ikitoka mahali pake na kubana tawi la fahamu, maumivu hushuka tangu makalioni hadi unyayoni kama moto, pamoja na ganzi. Shingoni hushuka hadi vidoleni. Hata hawa wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu bila upasuaji, wakisaidiwa na dawa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Juu ya dawa nina ombi kwa wenye maduka ya dawa walio wajumbe wa kamati. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache. Zikitumiwa miezi zinachoma tumbo, zinaumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Mtu anayekuja kila wiki kuchoma sindano ya mgongo hajatibiwa, ameahirishwa. Na vijana wetu waambieni wanyozi waache kuwanyonga shingo baada ya kunyoa. Mlio ule wa "kakaka" unafurahisha, lakini shingoni hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na kuna watu duniani waliopata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu.

Mgonjwa asiyetakiwa kusubiri

Sasa nifike kwa wale wachache. Safari yao wengi wenu mtaitambua. Mama anaumwa mgongo katikati, kati ya mabega na kiuno. Ananunua dawa. Mwezi wa pili maumivu yanamwamsha usiku. Anachanjwa. Mwezi wa tatu amepungua, jioni ana homa kidogo, usiku anatoka jasho. Hakohoi. Kwa kuwa hakohoi, hakuna anayefikiria kifua kikuu. Anapelekwa kwenye maombezi ya siku 7, kisha ya siku 21. Mwezi wa tano miguu inakuwa mizito, na mgongoni pametokea kinundu. Ndipo usharika unaandika barua kuomba kiti cha magurudumu.

Kifua kikuu cha mifupa kinapenda uti wa mgongo kuliko mfupa mwingine wowote. Daktari Percivall Pott wa London alieleza kibyongo na kupooza huku mwaka 1779, na ugonjwa ukapewa jina lake, ingawa vimelea vyenyewe vilikuja kutambuliwa na Robert Koch mwaka 1882. Vimelea hutoka mapafuni kwa njia ya damu, vinakaa kwenye pingili mbili zinazokaribiana, vinazila taratibu mpaka zinaporomoka kwa mbele. Usaha na mifupa iliyobomoka hukandamiza mshipa mkuu wa fahamu. Vibyongo vingi vinavyosemwa kuwa ni uchawi au ni vya kuzaliwa navyo vilianza hivyo, utotoni, bila dawa.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo sababu ya kuwa macho zaidi, kwa kuwa virusi vya UKIMWI hufungua mlango wa kifua kikuu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unatibika kwa vidonge. Dawa ni zilezile za kifua kikuu cha mapafu, isipokuwa huchukua muda mrefu zaidi, kati ya miezi 9 na 12, na katika nchi yetu hutolewa bila malipo. Marafiki zetu wafadhili naomba walisikilize hili. Tangu miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliongoza majaribio huko Masan na Pusan nchini Korea, na Bulawayo katika Zimbabwe ya leo. Wagonjwa waliotibiwa kwa dawa huku wakitembea walipona sawa na waliolazwa miezi kitandani, sawa na waliovalishwa koti la plasta, na huko Bulawayo sawa na waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mfupa. Upasuaji unabaki kwa baadhi, kama vile wanaoendelea kupooza au ambao mgongo umeinama sana. Wengine wanaweza kutibiwa karibu na nyumbani, na hata aliyeanza kulegea miguu ana nafasi nzuri ya kutembea tena akiwahi.

Neno juu ya maombezi. Wengi wanataja Injili ya Luka sura ya 13, yule mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Tafsiri nawaachia wachungaji. Ninachokiona ni kwamba alipoponywa, kulikuwa na kiongozi aliyelalamika kwamba siku haikuwa sahihi, na Bwana hakukubali asubiri hata hiyo siku moja. Hivyo basi, kiongozi wa maombi anayemwambia mgonjwa wa mgongo asiende hospitali mpaka siku za mfungo zitimie, kamati izungumze naye. Aombewe akiwa njiani, aombewe wodini.

Kifua kikuu si peke yake. Saratani ya tezi dume, ya matiti au ya shingo ya kizazi inaweza kuhamia kwenye pingili, kwa hiyo mgonjwa wa saratani anayeanza kuumwa mgongo asiambiwe ni uzee. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi wanaweza kupata ugonjwa wa brusela unaoshika uti pamoja na homa za vipindi. Anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, anayepotewa na choo, au anayekufa ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, huyo ni wa siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Na mwenye shida ya shingo ambaye vidole vyake vimeanza kushindwa kufunga kifungo au kuchambua maharage, huku akitembea kama mlevi, asikandwe wala kuvutwa. Mshipa mkuu unabanwa shingoni.

Ajali nayo ina kanuni zake. Aliyeanguka kutoka kwenye mti wa parachichi au kwenye pikipiki akisema shingo inauma au miguu haina nguvu, asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu, na asikalishwe kati ya watu wawili kwenye bodaboda. Tafuteni ubao au mlango. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alale chali, ndipo asafirishwe. Kila usharika una mlango.

Fedha ziende wapi

Ndugu zangu, nimeombwa mara kadhaa niwaandikie wafadhili juu ya mashine. Sipendekezi. Mashine inahitaji mtaalamu wa kuitumia, mtu wa kuisoma picha, umeme wa uhakika, fundi na vipuri. Hapa Mbeya tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na wanaohitaji upasuaji mkubwa wa uti hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mgonjwa wetu anakwama kabla ya kuifikia hiyo mashine. Anakosa nauli ya kutoka kijijini, anakosa chakula cha yeye na anayemuuguza, na hana wa kumwambia kwamba dalili zake ni za kukimbizwa. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, nayo si safari ya kumpa mtu mwenye maumivu ya kawaida, kwa kuwa anarudi na karatasi ya picha, deni, na kiuno kinachouma kuliko alivyokwenda.

Kwa hiyo napendekeza sehemu kubwa ya mfuko iwe ya nauli na chakula kwa wenye dalili za hatari, itoke ndani ya siku mbili bila kusubiri kikao, kwa saini ya mchungaji na mjumbe mmoja. Atakayeanza dawa za kifua kikuu asaidiwe miezi yote, si mwezi wa kwanza tu. Akipata nafuu mwezi wa tatu atatamani kuacha, na hapo ndipo mjumbe wa kumtembelea ana thamani kuliko mfadhili.

Sehemu ya pili iende kwa fiziotherapia. Wataalamu hawa ni wachache, ingawa vyuo vipo, kikiwamo cha KCMC Moshi. Gharama ya kumleta mmoja katika kituo chetu cha afya siku mbili kwa mwezi ni ndogo ukilinganisha na safari tunazolipia sasa. Afundishe mazoezi kwa makundi, siku ya soko, wanaume na wanawake.

Na mzigo wenyewe. Vikundi vya wabebaji vikopeshwe matoroli na mikokoteni, kwa sababu kumwambia mtu apunguze kubeba bila kumpa njia nyingine ya kupata mlo ni kumtania. Akina mama nao wafikiriwe: maji yakisogezwa karibu, shingo imetibiwa kabla haijauma. Kuhusu lumbesa, kanisa halina askari, lakini lina mavuno. Sadaka ya magunia ikiletwa kanisani ifungwe kwa magunia madogo ya kilo 50, na mnada wetu ukatae kilemba. Wafanyabiashara wakubwa wa viazi wengine ni waumini wetu, wamekaa viti vya mbele. Kwenye ujenzi wa makanisa, ambako vijana hubeba matofali na akina mama hubeba mchanga kichwani kama sehemu ya nguvu za wananchi, bajeti iwe na toroli tangu mwanzo. Mfadhili anayeuliza kwa nini kuna matoroli manne kwenye bajeti ya kanisa ataelezwa, na nadhani ataelewa.

Karatasi yenye dalili za hatari iko mezani, kila kamati ichukue nakala tatu: moja ya ubao wa matangazo, moja ya zahanati, moja ya duka la dawa lililo karibu. Majina ya wajumbe wawili wa kila usharika watakaoshughulikia rufaa yafike ofisini kwetu kabla ya kikao cha bajeti. Sharika za milimani, ambako gari halifiki wakati wa masika, ziandike pia ni nani mwenye pikipiki au punda, na mlango utatoka nyumba gani.